Mteja Halisi

Nilipoamua kuwafungulia wateja wangu wa mikoba jumuiya yao mtandaoni, nilijua adui wa kwanza ni ukimya. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya nyingi za namna hii asilimia 90 ya wanachama husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiyo hubeba karibu mazungumzo yote. Wateja wangu walikuwa 40. Asilimia moja ya watu 40 haimfikishi mtu hata kiunoni.

Basi nikajitungia wasemaji. Si uzushi wangu: hata waanzilishi wa Reddit, tovuti ya mijadala, mwaka 2005, walijaza ukurasa wao kwa akaunti za kubuni. Akaja Mpenda Mikoba, akaja Dada Mtulivu na, majina yaliponiishia, Mteja Halisi. Usiku kucha wakaulizana, wakajibizana. Mpenda Mikoba na Dada Mtulivu hawakupatana, mpaka leo sijui kwa nini.

Kujaribu kitufe cha kuripoti, Mteja Halisi akaandika: "Zipu imekatika siku ya pili, na mwenye duka hapokei simu!" Kitufe kikafanya kazi. Nikalala.

Asubuhi nikawaalika watu. Salamu zangu za kuwakaribisha, na maua juu, hazikuitikiwa na mtu. Lakini chini ya malalamiko ya Mteja Halisi kulikuwa kunawaka moto. "Pole, mpenzi." "Kumbe si mimi peke yangu!" "Arudishiwe hela yake leo leo!"

Nikaingia kama msimamizi, nikaomba radhi, nikaahidi kulipa. Wakataka aseme mwenyewe. Nikatoka, nikarudi kama Mteja Halisi: "Jamani, nimeshalipwa, nimeridhika."

Loo! "Wamemtisha huyo!" "Dada, kama uko salama andika neno mkoba." Nikaandika mkoba. "Mmeona? Kajibu haraka mno, si yeye."

Nikamtuma Dada Mtulivu awapoze. Akaitwa kibaraka wa mwenye duka, na hapo sikuwa na la kukanusha.

Jioni wakapiga kura: Mteja Halisi ndiye msemaji wa wateja wote, bila mpinzani. Kazi yake ya kwanza ni kuniandikia barua ya madai, na wanaisubiri kwa hamu. Nimefika aya ya pili, na kusema kweli huyu mtu ananikera.