Ndugu Aliyenyimwa Taji: Heinrich wa Kwanza na Ukoo Wake

Wengi wanaoandika juu ya Heinrich wa Kwanza, aliyetawala Ujerumani kuanzia mwaka 919 hadi 936, humpima kwa vita alivyoshinda, hasa vile vya Riade vya tarehe 15 Machi 933 ambapo aliwatimua Wahungaria. Mimi nampima kwa jambo alilolifanya nyumbani mwake. Mnamo mwaka 929 au muda mfupi baadaye, aliamua kwamba ufalme wote ungekwenda kwa mwanawe mmoja, Otto, na kwamba wanawe wengine wasingepata hata kipande chake. Naamini uamuzi huo ndio uliouweka ufalme ule pamoja, na naamini vilevile kwamba ugomvi uliousumbua ukoo wake kwa vizazi vitatu ulianzia hapo.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka tukumbuke mila iliyokuwapo. Wafalme wa Kifaranki waliomtangulia walikuwa wakigawana ufalme kama watu wanavyogawana shamba la marehemu. Mwaka 843 wajukuu wa Karolo Mkuu waliugawa mafungu matatu huko Verdun, kisha mwaka 876, alipofariki mmoja wao, Ludwig Mjerumani, fungu lake nalo likagawanywa upya: Karlmann akapata Bavaria, Ludwig Mdogo akapata Frankonia na Saksonia, na Karl Mnene akapata Swabia. Mtoto wa mfalme aliyezaliwa katika mila hiyo alikuwa na kila sababu ya kutarajia fungu lake.

Kwa nini basi Heinrich aliiacha mila hiyo? Jibu linalopendwa ni kwamba alikuwa na busara ya kuona mbali. Sikatai busara yake, lakini nadhani sababu kubwa zaidi ilikuwa udhaifu wa kiti chenyewe. Heinrich alikuwa mtemi wa Saksonia tangu mwaka 912, na mfalme aliyemtangulia, Konrad wa Kwanza, hakuwa ndugu yake wala rafiki yake, walikuwa wamepigana. Hata hivyo, Konrad alipokuwa anakata roho mwezi Desemba 918, inasimuliwa kwamba alimwagiza ndugu yake Eberhard ampelekee Heinrich alama za ufalme. Mwezi Mei 919 Wafaranki na Wasaksoni wakamtawaza Heinrich huko Fritzlar. Burchard, mtemi wa Swabia, alikubali kumtii mwaka huohuo. Arnulf wa Bavaria alisubiri hadi mwaka 921, na hata alipokubali alibaki na mamlaka makubwa katika nchi yake, pamoja na yale ya kuteua maaskofu. Sasa mfalme wa namna hiyo angemgawia mwanawe Swabia gani, au Bavaria gani, wakati kila moja ilikuwa tayari na mwenyewe? Heinrich hakugawa kwa sababu kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa heshima ya kutangulia mbele ya watemi wenzake, na heshima haikatwi vipande.

Kwa mtazamo huohuo ninakielewa kisa mashuhuri cha Fritzlar, pale Askofu Mkuu Heriger wa Mainz alipotaka kumpaka mafuta matakatifu na kumvika taji, naye Heinrich akakataa akisema inamtosha kuitwa mfalme. Wengi huuita unyenyekevu. Mimi nauona kuwa ujumbe kwa watemi waliokuwa wakimtazama: kwamba hakukusudia kujiinua juu yao kama Konrad, ambaye alipakwa mafuta hayo na bado akamaliza utawala wake akipigana nao. Inafaa pia kukumbuka kwamba kisa hiki, kama vingine vingi vya enzi hizo, tunakipata kwa Widukind, mtawa wa Corvey, aliyeandika miaka zaidi ya 30 baada ya kifo cha Heinrich na kuielekeza kazi yake kwa Mathilde, binti wa Otto. Aliyeshika kalamu, kwa hiyo, alikuwa upande wa nyumba iliyoshinda.

Turudi nyumbani kwa Heinrich. Mke wake wa kwanza alikuwa Hatheburg, mjane ambaye Kanisa lilidai kwamba alikuwa amekwisha kuvaa shela ya utawa. Heinrich aliachana naye lakini hakuachana na mali yake ya Merseburg, na mtoto wao, Thankmar, akawekwa pembeni. Kwa mke wa pili, Mathilde, alipata Otto mwaka 912, kisha Heinrich Mdogo na Bruno. Tarehe 16 Septemba 929, huko Quedlinburg, mfalme alimwandikia Mathilde mali ya kumtunza akibaki mjane. Katika siku hizo Bruno aliwekwa njia ya kanisa, na Otto akaozwa Edith, dada wa baba mmoja wa Mfalme Athelstan wa Uingereza. Katika kitabu cha maombi cha watawa wa Reichenau cha wakati huo, jina la Otto limeandikwa pamoja na cheo cha mfalme, ingawa baba yake alikuwa bado hai, na hakuna ndugu yake mwingine aliyepewa cheo hicho.

Heinrich alifariki Memleben tarehe 2 Julai 936 na kuzikwa Quedlinburg. Tarehe 7 Agosti Otto akatawazwa Aachen kwa mafuta na taji ambavyo baba yake alivikataa, na watemi wanne wakamhudumia mezani. Heinrich Mdogo hakuwapo. Aliachwa Saksonia chini ya uangalizi wa mtu aliyeitwa Siegfried, na ninapokumbuka sherehe ile huwa namfikiria yeye kuliko wale watemi waliobeba sahani. Waliomtetea walikuwa na hoja: Otto alizaliwa baba yao akiwa bado hajawa mfalme, ilhali yeye alizaliwa katika nyumba ya mfalme. Yasemekana hata mama yao alimpendelea.

Yaliyofuata yalikuwa ya damu. Thankmar aliasi na kuuawa kanisani Eresburg mwaka 938, kando ya altare, kwa mkuki uliorushwa kupitia dirishani. Mwaka 939 Heinrich Mdogo aliungana na Giselbert wa Lotharingia na Eberhard wa Frankonia, yuleyule aliyempelekea baba yao alama za ufalme; huko Andernach Eberhard akauawa na Giselbert akazama katika mto Rhine. Mwaka 941 Heinrich Mdogo alikula njama ya kumuua kaka yake sikukuu ya Pasaka, Quedlinburg, palipo kaburi la baba yao. Njama ikafichuka. Krismasi ya mwaka huohuo, Frankfurt, Otto akamsamehe, na baadaye akampa Bavaria aitawale.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaouona msamaha huo kuwa mwisho wa mambo. Kutoka Bavaria, tawi lile liliendelea kudai. Mwana wa Heinrich Mdogo, aliyeitwa Heinrich Mzozaji, aliasi miaka ya 970, na mwaka 984, baada ya kifo cha Otto wa Pili, mwana wa Otto, akamchukua mtoto wa marehemu, Otto wa Tatu, mikononi mwa mlezi wake. Pasaka hiyo wafuasi wake walimshangilia kama mfalme, tena palepale Quedlinburg. Alilazimika kumrudisha mtoto kwa mama yake, Theophanu, mwezi Juni.

Miaka 18 baadaye Otto wa Tatu alifariki Italia akiwa na umri wa miaka 21, bila mke wala mtoto. Msafara uliobeba maiti yake ulipofika Polling katika nchi ya Bavaria, aliyeupokea alikuwa mwana wa Mzozaji. Alidai alama za ufalme, na alipogundua kwamba Askofu Mkuu Heribert wa Köln alikuwa ameutanguliza Mkuki Mtakatifu, mojawapo ya alama hizo, akamzuia askofu huyo mpaka akapata uhakika wa kuletewa. Mwezi Juni 1002 akatawazwa Mainz kuwa Heinrich wa Pili. Fungu lililonyimwa mwaka 929 lilikuwa limemfikia mjukuu wa aliyenyimwa, nalo lilimfikia likiwa zima, halijagawanywa.

Heinrich wa Pili na mkewe Kunigunde hawakupata mtoto. Alipoanzisha jimbo la kiaskofu la Bamberg mwaka 1007, alisema amemfanya Kristo kuwa mrithi wake. Alifariki tarehe 13 Julai 1024, na Kunigunde akazitunza alama za ufalme mpaka wakuu walipomchagua Konrad wa Pili mwezi Septemba, kisha akamkabidhi. Konrad alikuwa kilembwe cha Otto wa Kwanza kupitia kwa Liutgard, binti ambaye alikuwa hata hajazaliwa Heinrich wa Kwanza alipokuwa akipanga mambo ya nyumba yake Quedlinburg.