Shangazi yangu sio mjinga, alipigwa tu hela na matapeli wa simu

Mwezi wa saba nlienda Singida kumsalimia shangazi, nikamkuta kakaa nje kwenye mkeka na daftari lake la alizeti, tumesalimiana vizuri, tumekula, alafu kwenye kukusanya vyombo akaniuliza taratibu kama mtu anayeulizia bei ya sukari, "mwanangu, hivi hawa polisi wa mtandao ukishalipia fomu huwa inachukua siku ngapi hela yako kurudi?"

Nikamwambia shangazi, fomu gani? Hakuna fomu. Akanyamaza. Nilivyomuona alivyoshika ile sufuria bila kuiweka chini nikajua kuna kitu kikubwa.

Kumbe ilikuwa hivi. Wiki tatu nyuma asubuhi iliingia meseji kwenye simu yake, imeandikwa imethibitishwa, umepokea shilingi 350,000 kutoka kwa fulani, salio lako jipya ni shilingi 361,500. Hata dakika haijaisha simu ikaita, mwanaume analia kabisa, mama nimekosea namba, hiyo hela ni ya mgonjwa yuko mapokezi hawampokei mpaka tulipe, nakuomba mama yangu nirudishie, tuma kwenye namba hii. Na shangazi yangu ni mtu ambaye ukisahau kitenge chako kwake anakitafutia mtu wa kukuletea hata kama unakaa wilaya nyingine. Akaingia kwenye menyu akatuma 350,000. Akamwombea na mgonjwa.

Ile hela ilikuwa yake mwenyewe. Kwenye simu alikuwa na 412,000 ya kununulia magunia ya alizeti, hakuna hata senti iliyoingia siku ile, ukitoa na makato ya kutuma akabaki na elfu hamsini na kitu.

Nilimwomba simu nikaiangalia ile meseji mwenyewe na nawaomba na nyie muiangalie na mimi hapa, maana majibu yote yamo humo ndani. Kwanza, meseji za kweli za pesa kwenye simu yake zinaingia kwa jina la huduma, ukifungua unakuta zimepangana na za nyuma, miamala yote ya mwaka mzima. Hii ilitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, imekaa peke yake. Pili, salio. Mtu alikuwa na 412,000, akipokea 350,000 inabidi asome 762,000, sasa 361,500 imetoka wapi? Tapeli hajui una shilingi ngapi kwenye simu kwahiyo anabahatisha, na hapo ndo anapokamatika, ila nani anapiga hesabu wakati kuna mtu analia sikioni kwake kwamba mgonjwa anakufa? Ndo maana anapiga haraka vile, anapiga kabla hujapata nafasi ya kuangalia salio, maana ukiangalia salio tu biashara yake imeisha hapohapo.

Alafu ikawa hivi, na hapa ndo roho inaniuma zaidi. Shangazi alivyogundua jioni, hakumwambia mtu. Sio mimi, sio binti yake anayelala naye nyumba moja. Baada ya siku kama nne akapigiwa na "afande wa kitengo cha makosa ya mtandao", anamtaja kwa jina, anajua kiasi kilichoibiwa mpaka tarehe, anamwambia tumemkamata mtu wako, lipia 85,000 ya fomu tukurudishie hela yako, na usimwambie mtu upelelezi utaharibika. Ni walewale. Nani mwingine angejua kiasi? Lakini kwake yeye ile simu ilikuwa ya mtu wa kwanza aliyemwambia pole mama. Akalipa.

Kwahiyo ukiniuliza mimi leo uhalifu wa mtandao unaishi kwa kitu gani, sikwambii intaneti wala simu janja, meseji ile hata kwenye simu ya vitufe inaingia. Nakwambia unaishi kwa aibu. Haraka inafungua mlango na aibu inaufunga, tapeli akiwa bado ndani.

Na aibu hii tunaitengeneza sisi. Binti yake alivyojua aliandika kwenye grupu la ukoo, kwa nia nzuri tu ili watu wajihadhari, na mmoja wa binamu zangu akajibu "jamani shangazi na wewe, karne hii?" akaweka na vikatuni vya kucheka, wengine wakafuata. Shangazi akatoka kwenye grupu. Mi nlimpigia yule binamu nikamwambia ukweli wangu wote, tumeelewana baadae, ila nachosema ni kwamba kila tunapomcheka mtu aliyepigwa, wengine kumi wanaosoma kimyakimya wanajifunza kitu kimoja, kwamba likiwakuta wasiseme.

Na kusema mapema ndo dawa yenyewe! Hela ikishatumwa haipotei sekunde ileile, mpaka itolewe kwa wakala au ihamishwe tena, kwahiyo ukipiga huduma kwa wateja namba 100 ndani ya dakika chache kuna uwezekano wa kuizuia ikiwa bado ipo kwenye ile laini. Sio uhakika, ila upo. Ukikaa nayo wiki tatu moyoni hakuna wa kukusaidia. Ile meseji ya utapeli iforwadi kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakujibu wakikuomba namba iliyokutapeli, unaituma, namba inafanyiwa kazi na ikithibitika inafungiwa. Ni bure na haichukui hata dakika mbili. Wangapi tunafanya? Wengi tunafuta tu na kusema "hawa jamaa bwana", alafu namba ileile inamkuta mzee wa mtu mwingine.

Nakumbuka kipindi cha usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza mwezi wa tano 2019 mpaka Januari 2020 zikaanza kuzimwa laini, foleni zile za NIDA, za vitambulisho vya taifa, watu wengi tuliamini matapeli wamekwisha maana kila laini ina mwenyewe. Tatizo ni kwamba mwenyewe kwenye mfumo na anayeishika mkononi wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Unasajili laini kwa kijana wa mwamvuli barabarani, unaweka kidole anakwambia haijasoma weka tena, unaweka tena, na tena, na kumbe kila kidole ni laini nyingine imesajiliwa kwa jina lako na inauzwa kwa mtu usiyemjua. Sisemi wote wanafanya hivyo, wengi wanatafuta riziki halali juani pale. Ila mi nlipiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu nikakuta namba mbili sizijui kabisa, moja ya mtandao ambao sijawahi kuutumia maishani. Nlikosa usingizi siku ile. Yaani kuna mama mahali analia na jina linalotokea kwenye simu yake ni langu. Nikaenda dukani kwao zikafutwa, lakini zilikaa muda gani na zimefanya nini sijui. Piga *106# leo, kweli, acha kusoma hapa kidogo upige kwanza.

Tukirudi kwenye aibu, maana ndo hoja yangu. Angalia hizi app za mikopo. Mtu kabanwa, anapakua app anakopa elfu hamsini, wakati wa kuisakinisha inaomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu, unabonyeza kubali kubali kubali kwa sababu una shida. Siku ya kulipa ikipita, hata kabla haijapita wengine, meseji zinaenda kwa bosi wako, mchungaji wako, mama mkwe, "mwambie fulani alipe deni ni tapeli", wakati mwingine na picha yako. Dhamana ya ule mkopo haikuwa kitambulisho wala mshahara, dhamana ilikuwa aibu yako mbele ya watu unaowaheshimu. Benki Kuu mwezi wa 11 mwaka 2024 ilitoa orodha ya majukwaa na app 69 zinazokopesha bila leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, kwahiyo kumtangaza mtu hivyo sio ukali wa biashara, ni kuvunja sheria. Kabla hujakopa angalia kama wana leseni ya Benki Kuu, na app inayotaka kusoma majina yote kwenye simu yako ili ikupe elfu hamsini, hiyo iache.

Na kuna hili ambalo tunalisema kwa kunong'ona, picha za utupu. Kijana anachati na mtu mtandaoni, anashawishiwa anatuma picha au anawasha kamera, dakika kumi baadae anaambiwa tuma hela la sivyo naituma kwa wazazi wako, na anatumiwa orodha ya marafiki zake wa Facebook kama ushahidi. Huyu mtoto peke yake chumbani usiku anaweza kufanya jambo baya sana. Wazazi wangu naombeni, mwambie mwanao leo, kabla halijatokea, mwambie wazi kwamba hata ukifanya kosa la namna hiyo njoo kwangu kwanza, sitakufukuza. Na kama limekukuta wewe unayesoma, usitume hela, maana ukituma ya kwanza wamejua unalipa na watarudi, usifute meseji, piga picha za skrini, zuia namba, alafu mwambie mtu mmoja mzima unayemwamini mwende wote polisi. Ni kosa la jinai wamelifanya wao, sio wewe.

Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015. Watu wengi mtaani wakiisikia wanafikiria kukamatwa kwa kupost kitu, kile kifungu cha 16 cha taarifa za uongo ndo kimeipa jina, wakati humohumo ndani kuna vifungu vya udanganyifu na kughushi kwa kutumia kompyuta ambavyo ndo vingemlinda shangazi. Mi naona hapo tumekosea kipaumbele. Na naona pia mahali pa kuripoti pangebadilika kidogo tu watu wengi wangeenda. Nlimpeleka shangazi kituoni kuchukua RB, ile namba ya taarifa yako polisi, tumesimama kaunta, nyuma yetu watu saba, na yeye inabidi aseme kwa sauti alitumaje, alimwamini vipi, kwanini alituma tena mara ya pili. Afande hakuwa mbaya, alimwita mama muda wote. Lakini nlimuona shangazi anavuta mtandio mpaka machoni. Chumba kidogo cha pembeni na kiti, ni gharama gani hiyo?

Kwenye familia yetu sasa tumekubaliana mambo machache na sitayapanga kama somo, ni vitu vya kawaida tu. Mtu akipiga na shida ya haraka, mtoto kaanguka shuleni, kaka kakamatwa, unakata simu unapiga namba ileile uliyoisevu siku zote, na kama haipatikani unapiga ya jirani yake. Hata ukisikia sauti ni yake, maana siku hizi sauti nayo inaigwa. Tuna neno letu la nyumbani, la kilugha, ambalo mtu wa nje hawezi kulibahatisha. Zile tarakimu sita za kuthibitisha WhatsApp hasomewi mtu yeyote, hata akisema zimekuja kwako kwa bahati mbaya, na wote tumeweka ile namba ya siri ya pili kwenye WhatsApp, vijana ndo walizunguka na simu za wazee siku ya arobaini ya babu kuwawekea. Anayesema anatoka kwenye mtandao wa simu na hapigi kwa namba 100, hatumsikilizi. Na laini ikikata mtandao ghafla mchana kweupe wakati wenzako wa mtandao huohuo wanapata, usikae unasubiri, nenda dukani kwao upesi, inawezekana kuna mtu kairudisha namba yako kwenye kadi nyingine na anaingia kwenye hela zako muda huo.

Na yule binamu alimpigia shangazi kumuomba msamaha, shangazi karudi kwenye grupu.

Mwezi uliopita kanipigia. Anasema kwenye kikao chao cha kikoba aliomba nafasi kabla ya mambo ya hisa, akasimama akaeleza yote, ya mgonjwa na ya fomu ya polisi, na kiasi akataja. Anasema palikuwa kimya. Alafu mweka hazina wao, mama ambaye kila mtu anamuogopa kwa ukali wa hesabu, akasema na yeye alipigwa kwenye hela ya mfuko wa jamii, aliuza mbuzi wanne akairudisha taratibu bila mtu kujua, mume wake hajui mpaka leo. Shangazi anasema hisa hazikuhesabiwa siku ile, walikaa wanapokezana simu, huyu anasoma meseji za huyu, wanatafuta namba na salio, mpaka magharibi.