Methani ya Mombasa inaanzia sokoni

Jaa la Kibarani lilipofungwa, likafukiwa udongo na kupandwa miti, wengi tulishukuru, maana kila aliyevuka Makupa kuingia kisiwani alikuwa akipokewa na lundo la taka. Lakini kufukia si kumaliza. Mabaki ya chakula na ya sokoni yakikosa hewa, vijidudu huyaozesha na kutoa gesi ya methani, na kazi hiyo huendelea chini ya udongo kwa miaka mingi baada ya lori la mwisho kuondoka. Sisi tumepumzika na harufu tu. Malori yakaelekezwa kwenye jaa la Mwakirunge, na huko lundo linaendelea kukua.

Tani moja ya methani, ukipima kwa kipindi cha miaka 20, huongeza joto la dunia takriban mara 80 kuliko tani moja ya hewa ya ukaa (kaboni dioksidi). Hata hivyo methani hukaa angani kama miaka 12 tu, na hewa ya ukaa hudumu kwa karne nyingi. Kwa hiyo anayeipunguza leo anaweza kuuona unafuu angali hai. Hilo ndilo lililozisukuma nchi nyingi, kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwezi Novemba 2021, kuahidi kwa pamoja kupunguza methani duniani kwa asilimia 30 ifikapo 2030, zikilinganisha na kiwango cha 2020. (Gesi ya mitungi tunayopikia haimo katika hesabu hii. Ile ni propani na butani.)

Wapo wanaouliza: kwa nini sisi? Visima vya mafuta, mabomba ya gesi na migodi ya makaa ya mawe katika nchi nyingine huvujisha methani kwa wingi usiolinganishwa na majaa yetu. Shirika la Kimataifa la Nishati limeeleza mara kwa mara kwamba sehemu kubwa ya uvujaji wa mafuta na gesi ingezibwa bila hasara, kwa kuwa gesi inayookolewa inauzika. Kampuni tajiri imeshindwa kukaza mabomba yake, kisha mama mboga wa soko la Kongowea aambiwe aokoe dunia? Hoja hii ni ya haki, na sikubaliani na wanaoipuuza. Jaa la kisasa lenye sakafu isiyovuja na mabomba ya kunasa gesi linahitaji fedha nyingi na usimamizi usiolegalega, katika kaunti ambayo bado inahangaika na malori. Tena Mwakirunge kuna watu wanaookota plastiki na vyuma ili watoto wale. Ukilifunga jaa bila kuwapangia kazi nyingine, umewahukumu wao kwanza.

Hata hivyo hoja hiyo inadai mkosaji mkubwa alipe. Haisemi kwamba taka zetu ziachwe zioze. Na hapa Mombasa njia ya bei nafuu haiko jaani. Iko sokoni. Kongowea kila siku humwaga majani ya kabichi, nyanya zilizopondeka, maembe yaliyooza na maganda ya ndizi, yote mahali pamoja, kabla hayajachanganyika na nepi na chupa za nyumbani. Taka hizo zikitengwa papo hapo zinaweza kuwa mboji, au chakula cha funza wa nzi askari mweusi, ambao nao hulishwa kuku na samaki. Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi endelevu wa taka tayari inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Hatuhitaji sheria mpya.

Ugumu upo, tena wa kweli. Mboji isiyogeuzwa hukosa hewa katikati na kutoa methani ileile tuliyoikimbia. Wanunuzi lazima watafutwe, kwa sababu mkulima wa Kilifi au Kwale hatalipia gunia lenye vipande vya plastiki. Lakini kikwazo ninachokiona kikubwa kuliko vyote ni malipo. Mkandarasi anayelipwa kwa tani anazomwaga jaani hana sababu yoyote ya kuzipunguza, hata umpe semina ngapi.

Mifugo ndiyo chanzo kikuu cha methani nchini, hilo nalijua. Ila mfugaji wa Tana River aliyepoteza ng'ombe kwa ukame si mtu wa kuanza naye, na anachohitaji ni malisho bora na tiba, vitu vinavyompa maziwa zaidi kwa ng'ombe yuleyule.

Fedha za tabianchi zinazoahidiwa na mataifa tajiri tuzidai kwa sauti, na tuzidai zikiwa na anwani. Kituo cha kwanza cha mboji kijengwe kando ya soko la Kongowea, waokota taka wapewe nafasi za kazi kabla ya mtu mwingine yeyote, na zabuni ilipe kwa kila tani iliyogeuka mboji safi badala ya tani iliyofika Mwakirunge.