Mzee Alikuwa Anafukuza Wadudu

Kabla hamjaendelea kunipigia simu: sikulewa. Nilikuwa na soda moja, tena imeshapata moto juu ya spika tangu saa kumi na mbili jioni. Mnachosikia ni habari ya rafiki yangu wa Pasiansi, ambaye hata chai hajanywa kashaitundika status. Anasema nilisinzia kwenye mitambo ya sauti, bendi ikakatika katikati ya wimbo. Ningesinzia, wadau, yasingetokea haya.

Mnazijua Ijumaa za zilipendwa pale Kirumba, Mwanza, karibu na maji. Wazee wanane: solo, rizimu, besi, dramu, tumba, saksafoni na waimbaji wawili. Wanapiga za kwao na za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979 mimi sijazaliwa, na bado mezani watu wanaimba bila kukosea neno. Kuna meza ya mashabiki wa Msondo na meza ya mashabiki wa Sikinde, zile bendi mbili kongwe za Dar zilizo mahasimu. Sikinde ilianza 1978, ubishi wao hadi leo haujaisha, na mimi hukaa katikati yao na mixa yangu, mashine ya kuchanganya sauti, ya chaneli 16.

Besi namba 1, solo 2, rizimu 3, saksafoni 4, waimbaji 5 na 6, ngoma zote 7 hadi 10. Simu yangu, ya muziki wa mapumziko, iko 15 na 16 mwisho kabisa. Jukwaa zima nimelifunga kwenye kitufe kimoja cha myuti: ukibonyeza, spika zote kimya, na zile ndogo za jukwaani pia. Simu haimo kwenye kitufe hicho, makusudi, ili wazee wakienda kupumzika nipige muziki bila maiki kuokota wanavyogombania hela. Shikeni hilo la simu, tutalirudia.

Sasa, wazee hawa hawahesabu sebene, ile sehemu ndefu ya magitaa ya kuchezesha watu. Inakatwa kwa ishara ya mzee kiongozi. Kidole kimoja juu, warudi kwenye kiitikio. Ngumi, magitaa yanyamaze zibaki ngoma na besi. Kiganja kikipungwa mbele ya uso mara mbili, kata. Na mimi papo hapo nabonyeza myuti, kwa sababu amplifaya ya rizimu ina waya wa ethi uliokatika. Wimbo ukiisha tu inanguruma kama mashine ya kusaga. (Ndiyo, najua, inatakiwa itengenezwe. Mwambieni mwenye amplifaya.)

Kosa langu la kweli lilikuwa taa. Mkazi yeyote wa ufukweni anajua: mwezi ukiandama, wadudu wa ziwani wanapanda kama moshi. Hawang'ati, ila wanafuata mwanga, na mweupe ndio wanaoupenda zaidi. Kwa hiyo siku zote taa kubwa nyeupe naitundika kwenye mwembe wa kule chooni, mita kama 15, jukwaani nabakiza balbu za njano. Ijumaa hii rafiki yangu, huyo huyo wa status, akalalamika video zake zinatoka giza. Nikaihamisha. Nikaifunga mita moja juu ya kichwa cha mzee.

Dakika ya tisa ya sebene. Solo analia, saksafoni anamjibu. Kutoka meza ya Sikinde ananyanyuka mama mmoja, kitenge kipya, noti ya elfu kumi imenyooshwa kwa vidole viwili. Anakuja kutunza. Haji haraka. Anakuja kwa magoti, kwa kiuno, anasimama, anageuka meza yake imwone, anaendelea. Mzee kafumba macho, kichwa kakirudisha nyuma, paji la uso liko tayari. Mama ananyoosha mkono. Noti inagusa jasho.

Wingu likashuka.

Mzee alikuwa kwenye "eeeeh" ndefu, mdomo wazi wote. Nikaona kiganja kinapanda. Kikapunga mara moja. Nikasema moyoni, mapema hivi? Kikapunga mara ya pili. Kidole changu hakikuniuliza.

Spika zikafa. Mdomo wa mzee unaenda, sauti hamna. Dramu imebaki inagonga mbali, kama jirani anatwanga kisamvu. Wazee wakaanza kuacha mmoja mmoja, wa solo wa mwisho, anatazama kidole chake kama ndicho chenye kosa. Ikabaki amplifaya yenyewe ya rizimu pale jukwaani, nguruuuu. Na jamaa wa nyuma aliyekuwa anaongea kwa kushindana na muziki akamalizia kwa sauti ile ile: "...NA KODI SIJALIPA MIEZI MITATU!"

Hapo dawa ilikuwa kubonyeza tena kile kitufe. Basi. Lakini mikono ikiogopa inatafuta cha kusukuma, nikasukuma vitelezi vya sauti vilivyokuwa chini: 15 na 16. Tangu mapumziko sikuwa nimesimamisha simu, nilishusha tu sauti, uvivu. Simu ilikuwa imefika kwenye singeli, ule muziki wa vijana wa kasi ya ajabu.

Singeli, wadau. Full. Mbele ya wazee. Mama bado kidole kiko kwenye paji la uso la mzee. Na yule mzee wa dramu, ambaye maisha yake yote akisikia mdundo anaudaka, akaudaka! Miguu ya mama ikapiga hatua mbili kabla mwenyewe hajaizuia. Noti ikadondoka.

Nikashusha simu, nikaachia myuti, na maiki ikarudi sekunde ile ile mzee anakohoa. Akatema pembeni, akanitazama, akasema taratibu, kwenye spika zote nne: "Mdudu nimeshammeza. Huyu fundi ndiye kanikwama."

Mengine mafupi. Nikapanda jukwaani, shikamoo, samahani mzee, taa nikairudisha mwembeni, wimbo ukaanzia kwenye kiitikio. Mama akaokota noti yake akambandika mzee wa dramu, ambaye sasa anauliza singeli tutaipiga lini tena. Mwenye kiwanja kanikata nusu ya malipo.

Ishara ya kukata imebadilishwa: mzee atavua kofia. Mzee hana kofia. Kaniambia nimletee kabla ya Ijumaa, namba 58, na isiwe ya mtumba.