Altezza Yangu Bado Inakojoa

Mwenye nyumba wangu hapa Sakina, Arusha, ni mzee mpole, lakini juzi alinigongea saa kumi na mbili alfajiri. "Baba Neema, hebu toka uone." Nikajua tumeibiwa. Kumbe ananionyesha doa kwenye pevingi zake mpya, jeusi, duara kama chapati. "Gari lako linakojoa."

Linakojoa kweli. Ni Altezza ya mwaka 1999. Siku naileta nyumbani Mama Neema aliuliza swali moja tu: "Gari la michezo, michezo gani?" Sasa namjibu: mchezo wa kulala chali chini ya gari, tochi ya simu mdomoni, tone likikulenga jicho.

Fundi wa kwanza, pale Unga Limited, aligusa akanusa kidole. "Difu hii, bosi. Sili ya mbele imekufa." Jamani, oili ya difu (lile bonge la gia katikati ya matairi ya nyuma) ina harufu yake! Yai viza lililopikwa kwenye tairi. Ikikushika shati, unalala kochini. Sili yenyewe, kipete cha kuzuia oili isitoke, bei ya chipsi kuku, ila kuifikia lazima propela, ule mhimili mrefu unaozungusha difu, ishuke na nati ya pinioni, gia ya mbele ya difu, itoke. Kurudisha nati, fundi akachomeka bomba la maji kwenye spana, vijana wawili wakaning'inia kama wanachuma maparachichi. "Hiyo haitavuja tena hadi Yesu arudi."

Ilivuja Jumatano.

Wa pili alisema wa kwanza ni kanjanja (hakuna fundi Arusha hii aliyewahi kumsifu mwenzake) akabadilisha sili nyingine. Huyu kwanza alimwaga oili yote chini, ndipo akakumbuka kufungua nati ya juu ya kujazia. Nati ikagoma. Akaleta spana kubwa, ikateleza. Akaleta nyundo. Akaleta pipe renchi, ikaitafuna kona zote mpaka ikawa duara kama goroli. Sasa nina difu isiyo na oili na tundu lisilofunguka, na mimi nimesimama na kopo la oili ya 90 kama mtu aliyeleta mbege msiba wa walokole. Gari likalala kwake siku mbili, nikapanda daladala hadi Kilombero huku konda ananiita mshua. Mshua gani anasimama kichwa kimeinama? Hatimaye mtu wa kuchomelea alibandika nati nyingine juu ya ile, ndipo ikazunguka.

Ikavuja Jumamosi. Mwenye nyumba alikuwa ameshatandika boksi, na kila asubuhi analiinua analisoma kama gazeti.

Shemeji akanipeleka kwa mzee mmoja Kijenge, anayetengeneza Land Rover za watalii. Mzee haongei. Aliingia chini, akapapasa juu ya difu, akaomba waya mwembamba. Akatoboa kitu kidogo kama kifuniko cha kalamu, ukamwagika udongo mkavu wa njia ya Kwa Mrombo, wa masika yote niliyopita pale kwa mbwembwe.

"Hiki ni kipumulio. Difu ikichemka, hewa ya ndani inatanuka. Hapa pamezibwa, inasukuma oili kwenye sili. Wewe ukizibwa kote, kijana wangu, hewa itatokea wapi?"

Sikumjibu.

"Na nati ya pinioni, waliweka alama kabla ya kuifungua?"

"Hapana, mzee. Waliweka bomba."

Akatikisa kichwa, taratibu, kama daktari aliyeona picha. Ile nati, anasema, ndiyo inayobana beringi. Ukiizidishia, beringi zinakaa kwa mateso na zitasema. Akanichaji elfu tano. Sili mbili na bomba vilishakula kodi ya mwezi.

Boksi sasa ni kavu siku ya tisa, na mwenye nyumba anaonekana kukosa kitu cha kusoma. Ila Jumapili tulishuka Moshi. Tulipopita Usa River, mshale ukagusa 80, huku nyuma kukaanza sauti nyembamba, inapanda, inashuka, inapanda. Mama Neema akapunguza redio. Akasikiliza. Sauti iko palepale.

"Baba Neema, hiyo kwaya ni ya usharika gani?"