Nyonga mpya sawa, ila mbuzi ya nazi je?

Mama mkubwa alibadilishwa nyonga mwaka juzi, ukimuuliza hali anakwambia nimezaliwa upya, halafu dakika kumi hazijaisha anaanza kulalamika hawezi tena kukalia mbuzi akakuna nazi yake, sasa huyu tumwandike karidhika au hajaridhika?

Wanaoisifia hii operesheni wana haki bana. Tangu daktari mpasuaji John Charnley alipoiweka sawa kule hospitali ya Wrightington, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 60, imepata sifa mpaka makala moja kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2007 ikaiita operesheni ya karne. Na mi nimeona kwa macho, mtu alikuwa akijigeuza kitandani anapiga yowe nyumba nzima inaamka, leo anakoroma hadi adhana ya alfajiri.

Ila huko kuridhika kwenyewe kunapimwaje? Kuna dodoso la Oxford Hip Score, maswali 12, alama 0 mpaka 48, Uingereza mgonjwa anajaza kabla ya kupasuliwa na tena miezi kadhaa baadae. Linauliza soksi unavaa? Kwenye gari unapanda na kushuka? Ukimaliza kula mezani unanyanyuka vipi kwenye kiti? Sasa mama mkubwa soksi avae za nini na joto lile la Tanga, na chakula chenyewe anakulia mkekani. Choo cha kuchuchumaa hakimo, kusujudu hakumo. Yaani anaweza kupata alama za juu kabisa na bado anaswali kwenye kiti cha plastiki, na hilo linamkaa moyoni kweli.

Utasema si kabla ya operesheni navyo vilikuwa vimemshinda? Kweli, tena nyonga mpya inaweza kuchomoka ukiikunja vibaya, hasa wiki za mwanzo, ndo maana alikatazwa kuikunja kupita nyuzi 90. Lawama mi siitupii operesheni, naitupia ile dakika ya kumruhusu, kapewa karatasi ya masharti na hakuna aliyemuuliza kwenu choo kikoje. Tukaja kuhangaika wenyewe, kiti cha plastiki kikatobolewa katikati kikawekwa juu ya tundu, siku ya kwanza kinayumba huku kanishika shingo.

Juzi nimemuuliza kama angekubali tena. Kasema angekubali, ila angeanza na fundi wa choo.