Chakula cha mgonjwa wa skizofrenia si uganga

Taja vitamini na skizofrenia, ule ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini yasiyokuwepo, kwa pumzi moja mbele ya daktari wa akili, uone anavyotabasamu na kubadili mazungumzo. Tabasamu hilo lina chanzo chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Saskatchewan, Kanada, Abram Hoffer na Humphry Osmond walianza kuwapa wagonjwa wa skizofrenia gramu 3 au zaidi za naiasini, yaani vitamini B3, kwa siku, ilhali mwili wa mtu mzima unahitaji miligramu 16 hivi. Karibu mara 190! Wakatangaza kwamba wagonjwa wanapona. Wengine walipojaribu, tena hukohuko Kanada, hawakuyaona maajabu hayo, na mwaka 1973 jopo la Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani likaitupilia mbali tiba hiyo. Hukumu ilikuwa ya haki. Ila alitupwa jongoo na mti wake.

Maana Hoffer hakuiota naiasini usingizini. Mwanzoni mwa karne iliyopita, hospitali za wagonjwa wa akili kusini mwa Marekani zilijaa watu waliobabuka ngozi shingoni na mikononi, wanaoharisha, wanaoweweseka. Ilikuwa pelagra. Joseph Goldberger, aliyeanza kuichunguza mwaka 1914, alionyesha kwamba haiambukizi. Inatoka kwenye sahani ya mahindi isiyo na nyama, maziwa wala kunde. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akaonyesha kwamba kinachokosekana ni naiasini, na watu waliohesabiwa kuwa vichaa wakaanza kurudiwa na fahamu. Wala tusidhani ni habari za mbali: mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliokuwa Malawi walipata pelagra baada ya karanga kukatika kwenye mgao wao. Karanga tu.

Pelagra si skizofrenia, na hapo ndipo Hoffer alipoteleza. Aliyepungukiwa naiasini huponywa na naiasini. Asiyepungukiwa haongezewi akili kwa kushindiliwa nyingine.

Kuna hesabu moja ambayo haijaacha kunisumbua. Mwaka 2010, Paul Amminger na wenzake wa Vienna walichapisha jaribio la vijana 81 waliokuwa na dalili za mwanzo. Nusu yao walipewa mafuta ya samaki kwa wiki 12, nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya mwaka, waliopata ugonjwa wenyewe walikuwa 2 kati ya 41 upande wa mafuta, na 11 kati ya 40 upande wa pili. Asilimia 4.9 kwa 27.5. Ukiisoma haraka unataka kukimbilia duka la dawa. Ukiisoma taratibu unaona tofauti yote imebebwa na vijana 9. Jaribio kubwa la 2017, la watu 304 katika nchi kadhaa, halikuona tofauti: makundi yote mawili yalikuwa na wagonjwa wapya kama 11 katika kila 100. Watetezi wanajibu kwamba safari hii wote walipewa pia ushauri nasaha, hivyo walioumwa walikuwa wachache mno kwa mafuta kuonyesha kazi yake. Jibu hilo linanivutia, pengine kuliko linavyostahili.

Dawa zenyewe sina ugomvi nazo. Uchambuzi wa Stefan Leucht wa 2012 ulionyesha kwamba ndani ya mwaka ugonjwa uliwarudia asilimia 27 ya walioendelea na dawa, na asilimia 64 ya waliobadilishiwa vidonge vitupu. Anayemwambia mgonjwa aache sindano ya kila mwezi anywe unga wa mlonge anamchimbia shimo. Hao ndio wanaoiharibia jina lishe, kwa sababu ushahidi wake bora ni wa chakula na vitamini vikiongezwa juu ya dawa, si badala yake. Joseph Firth na wenzake mwaka 2017 walijumlisha majaribio 18 ya namna hiyo, wagonjwa 832: vitamini za kundi B kwa dozi kubwa zilipunguza dalili, zaidi kwa ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mchanga. Zilipunguza, hazikuponya.

Na baadhi ya dawa hizo zinaamsha njaa. Kijana wa jirani yangu alipoanza olanzapini, sauti zilinyamaza, tukashukuru. Kisha akaanza kuamka saa nane za usiku kusonga ugali, na mama yake akawa analala na ndoo ya unga chini ya kitanda. Mashati yake yote yamehamia kwa mdogo wake. Kisukari na moyo ni miongoni mwa mambo yanayowaondoa mapema watu wa ugonjwa huu, lakini kila akienda kliniki anapewa dawa na tarehe ya kurudi, mizani hakanyagi. Mama alipouliza ampikie nini, aliambiwa, "Chochote tu, mama."